Bunduki Kuukuu ya Komeo: Somo la Kununua kwa Haki na Kukagua kwa Makini

Ndugu wasomaji wa Nakivale, Isingiro, Mbarara na vijiji vyote vya mpakani,

Katika mabaraza yetu tumeulizwa mara nyingi swali moja kwa maneno tofauti. Mfugaji huuliza: “Nimeuziwa bunduki ya kuwinda ya zamani, nitajuaje kama ni nzima?” Mkulima huuliza: “Nguruwe mwitu wanamaliza mahindi yangu, kuna ubaya gani nikijipatia bunduki ya babu wa mtu?” Na mama mjane huuliza, kwa sauti ya chini: “Marehemu aliacha kitu darini, nikifanyie nini?” Tumeona vema kuyajibu maswali haya matatu katika somo moja, kwa kuwa yanahusu chombo kile kile: bunduki ya komeo, ile inayofunguliwa na kufungwa kwa mkono kila baada ya risasi moja.

Hatuandiki kwa nia ya kumshawishi mtu anunue bunduki. Tunaandika kwa sababu silaha kuukuu ina hatari mbili: ya kwanza ni ya sheria, ya pili ni ya chuma chenyewe. Anayejua moja tu kati ya hizo hajajua hata nusu ya jambo.

Mifano miwili iliyomo humu tumeitunga kwa ajili ya kufundishia. Asitafutwe mtu.

ZILIKOTOKA BUNDUKI HIZI

Eneo letu limepitiwa na silaha kwa zaidi ya miaka 100. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Waingereza walikuwa upande wa Uganda na Wajerumani upande wa pili wa mto Kagera. Askari wa King's African Rifles walizoea bunduki aina ya Lee-Enfield yenye risasi ya .303. Upande wa Wajerumani, askari wengi walianza vita hivyo na Mauser ya mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi yenye moshi mwingi, na wachache wakiwa na Mauser ya mwaka 1898. Baada ya vita, bunduki za namna ya Lee-Enfield na Mauser ziliendelea kutumika katika mashamba na katika idara za wanyamapori, nyingine zikiwa zimepunguzwa mbao na kufanywa za kuwindia. Baadaye zikaja nyingine kutoka viwanda vya Uingereza na Chekoslovakia, zilizoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya wawindaji.

Kisha zikaja siku ngumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambavyo vilipita Mbarara penyewe, viliacha maghala yamevunjwa na silaha za kila aina mikononi mwa watu. Vita vya Rwanda na vya mashariki ya Kongo katika miaka ya 1990 vikaongeza nyingine. Ndiyo maana bunduki moja kuukuu yaweza kuwa na historia safi ya mashamba na karatasi zake zote, na nyingine inayofanana nayo kama pacha ikawa imemwaga damu katika nchi tatu. Kwa macho tu huwezi kuzitofautisha.

MIFANO MIWILI

Mfano wa kwanza. Mzee mmoja mfugaji, mwenye ng'ombe wa Ankole pembezoni mwa Mbarara, anaambiwa na mjane wa jirani yake kwamba marehemu aliacha bunduki ya kuwindia. Mjane anataka kuiuza apate ada ya shule ya wajukuu. Bunduki inang'aa, na bei ni ya wastani.

Mfano wa pili. Kijana mmoja wa ukanda wa Rubondo, Nakivale, aliyekuja kutoka Kivu akiwa mtoto, amelima kiwanja chake cha mahindi na maharage. Kwa misimu miwili nguruwe mwitu wamemla jasho lake. Jioni moja anafikiwa na mtu asiyemjua vizuri. “Kaka,” anaambiwa, “kuna bunduki ya babu, ya zamani kabisa, hata polisi hawaihesabu. Bei yake ni mbuzi watatu. Usiku huu tu.”

Wote wawili wana haja ya kweli. Tuwafuate hatua kwa hatua.

KARATASI KABLA YA CHUMA

Sheria ya Silaha ya Uganda, ambayo msingi wake ni wa mwaka 1970, haitofautishi bunduki mpya na kuukuu kwa namna wanavyodhani wengi. Bunduki inayoweza kufyatua risasi ni bunduki, hata ikiwa na umri wa miaka 90. Hakuna ruhusa ya kununua, kupokea wala kuwa na bunduki au risasi bila cheti kinachotolewa chini ya mamlaka ya Inspekta Jenerali wa Polisi. Maneno ya yule mgeni wa usiku, kwamba “polisi hawaihesabu,” ni uongo. Pasipo kusikia neno jingine lolote, kijana angeweza kumjua muuzaji kwa neno hilo pekee.

Mambo manne yashikwe vizuri.

La kwanza: cheti ni cha mtu na cha bunduki fulani. Hakirithiwi pamoja na ng'ombe. Mwenye cheti akifariki, familia haipati haki ya kuendelea kuweka silaha nyumbani, seuze kuiuza. Hatua yao ya kwanza ni kutoa taarifa polisi ili silaha ihifadhiwe huku utaratibu wa umiliki ukishughulikiwa.

La pili: ombi huanzia chini na kupanda juu. Mwombaji huchunguzwa kuanzia kwa mwenyekiti wa LC wa kijiji chake, kwa maafisa wa usalama, na kwa Kamanda wa Polisi wa Wilaya, hata lifike makao makuu. Huulizwa sababu ya haja yake, tabia yake, afya ya akili yake, na mahali atakapoiweka silaha. Anayesema “nitakupatia cheti kesho” anauza karatasi ya bandia.

La tatu: cheti cha bunduki si kibali cha kuwinda. Wanyamapori wa Uganda wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, na adhabu ya juu kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka hufika kifungo cha maisha. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2001 kumekuwa na uwindaji wa kitalii katika mashamba yanayozunguka Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, lakini huo hufanywa kwa idadi iliyopangwa, kwa ada, na chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Wanyamapori Uganda. Mfugaji mwenye bunduki halali anayempiga swala bila kibali ni jangili sawa na mwingine yeyote.

La nne: bunduki haivuki mpaka mfukoni mwa mtu. Kupitisha silaha Kikagati, Mirama Hills, au katika kivuko kisicho rasmi cha Kagera, bila vibali vya pande zote mbili, ni magendo ya silaha. Uganda ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, inayozitaka nchi zetu kuzitia alama silaha, kuweka kumbukumbu zake na kupashana habari. Namba iliyofutwa upande huu yaweza kuulizwa upande ule.

Kwa hiyo mzee mfugaji hapaswi kumpa mjane hata shilingi moja kwanza. Wote wawili waende kituoni: mjane akatoe taarifa ya silaha ya marehemu, naye mzee akaulize utaratibu wa kuomba. Bunduki ikae ghala la polisi muda wote huo. Kama ombi litakataliwa, mzee hajapoteza kitu. Kama litakubaliwa, ndipo swali la pili linapokuja: je, chuma chenyewe ni kizima?

UKAGUZI: HATUA NANE

Ukaguzi huu hufanywa baada ya ruhusa, mahali palipoidhinishwa, na mbele ya fundi wa silaha anayetambuliwa. Tunaueleza ili mnunuzi halali ajue la kuuliza na asidanganywe na mng'ao. Hatuuelezi ili mtu apokee bunduki gizani akaikague chumbani.

Hatua ya 1: Hakikisha ni tupu. Mdomo wa mtutu uelekezwe mahali pasipo na mtu wala mnyama. Kidole kikae nje ya kifyatulio. Fungua komeo, vuta nyuma hadi mwisho, tazama chemba, kisha itazame tena na kuipapasa kwa kidole. Tazama pia kasha la risasi lililo chini yake. Bunduki nyingi za kale huficha risasi moja humo, na komeo likisukumwa mbele huichukua. Usiliamini neno “haina kitu” hata likitoka kwa padri au shehe. Kila mkono unaoipokea uanze hatua hii upya.

Hatua ya 2: Soma namba. Bunduki ya komeo kwa kawaida ina namba juu ya mwili wake mkuu, na mara nyingi namba hiyo hurudiwa kwenye komeo. Namba ya mwili ilingane na ya cheti na ya kumbukumbu za polisi. Namba ya komeo ikitofautiana, komeo hilo limetoka kwenye bunduki nyingine. Kisheria hilo linahitaji maelezo. Kiufundi linahitaji kipimo, kama tutakavyoona. Ukikuta mahali pa namba pamesuguliwa kwa tupa, pamegongwa upya au pamefunikwa kwa kulehemu, ukaguzi umekwisha. Toa taarifa.

Hatua ya 3: Ijue risasi yake. Hapa ndipo watu hupoteza macho na vidole. Jina la risasi huwa limechorwa kwenye mtutu, lakini mitutu kuukuu hubadilishwa, na chemba huchongwa upya na mafundi wasiojulikana. Chukua mfano wa Mauser za Kijerumani za milimita 8. Kulikuwa na kipimo cha awali chenye risasi ya upana wa karibu milimita 8.08, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 kikaja kipya cha milimita 8.2. Maganda yake yanafanana sana. Risasi ya kipimo kipya ikilazimishwa kupita katika mtutu mwembamba wa kipimo cha kale, shinikizo hupanda kuliko chuma kilivyoundwa kustahimili. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko unene wa kadi, lakini yatosha kupasua bunduki. Fundi hupima chemba na mtutu kwa vifaa vyake. Hasomi maandishi tu.

Hatua ya 4: Tazama ndani ya mtutu. Toa komeo, weka karatasi nyeupe au mwanga nyuma ya chemba, kisha tazama. Mifuo, ile michirizi inayozungusha risasi, ionekane yenye kingo kali, ikizunguka bila kukatika. Vijishimo vyeusi ni dalili ya kutu iliyokula. Katika bunduki za zamani kutu hiyo ina sababu maalumu: fataki za risasi nyingi za kijeshi za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi huvuta unyevu, na mafuta peke yake hayaiondoi. Huondolewa kwa maji, kisha mtutu ukaushwe na kupakwa mafuta. Mwenyewe asiyelijua hilo aliisafisha bunduki kila mara kwa mafuta na bado ikaliwa. Kwetu, penye ukungu wa maziwa na misimu miwili ya mvua, ugonjwa huu ni wa kawaida.

Tazama kama kuna kivuli cha duara kinachokata mtutu mahali pamoja. Hicho ni kivimbe: zamani risasi ilikwama humo, au tope liliziba, kisha ikapigwa nyingine nyuma yake. Mtutu wenye kivimbe haufai. Mwisho, tazama ukingo wa mdomo wa mtutu. Mkwaruzo mdogo hapo, au ulikaji uliosababishwa na mdeki wa kusafishia kuingizwa kwa mbele miaka mingi, huipotosha risasi. Mnyama aliyejeruhiwa kwa shabaha iliyopotoka ni mateso kwake na hatari kwa atakayekutana naye kichakani.

Hatua ya 5: Chunguza komeo. Katika Mauser ya 1898 komeo lina masikio mawili ya kufungia mbele na la tatu la akiba nyuma. Katika Lee-Enfield masikio hufungia nyuma. Vyote viwili ni vyema vikiwa vizima. Tafuta nyufa kwenye shina la masikio, alama za kubonyea mahali yanapofungia, na kulehemu kwa namna yoyote. Ncha ya pini itoke katika tundu lake ikiwa laini na ya mviringo; ikiwa kali hutoboa fataki na kurudisha gesi ya moto usoni. Kucha ya kuvutia ganda iwe na nguvu na isiwe imevunjika.

Hatua ya 6: Pima nafasi ya kichwa. Hili ndilo jambo lisiloonekana kwa macho, na ndilo linalowadanganya wengi. Ganda la risasi linapokuwa ndani ya chemba, nyuma yake hukaa uso wa komeo. Nafasi iliyobaki kati yao yapaswa kuwa ndogo mno. Ikizidi, ganda hunyooka kila linapopigwa mpaka siku moja likatike, na gesi ikafuata njia yoyote itakayoiona, ukiwemo uso wa mpigaji. Komeo la bunduki nyingine, kama lile lenye namba isiyolingana, huvuruga nafasi hii. Mafundi wa Lee-Enfield Namba 4 walilijua hilo. Ndiyo maana vichwa vya makomeo yake vilitengenezwa kwa vimo tofauti, vikiandikwa 0 hadi 3, ili fundi achague kinachofaa. Fundi hupima kwa vyuma viwili vya kiwango: juu ya kwanza komeo lapaswa kufunga, juu ya pili likatae. Likifunga juu ya vyote viwili, bunduki hiyo isipigwe. Fundi asiye na vipimo hivi hajaikagua bunduki, ameitazama tu.

Hatua ya 7: Jaribu kifyatulio na kizuizi. Bunduki ikiwa tupu na imethibitishwa tena, funga komeo, weka kizuizi cha usalama, vuta kifyatulio, kiachie, kisha ondoa kizuizi. Pini isianguke. Ikianguka, kizuizi hakizuii kitu. Fungua na ufunge komeo kwa nguvu mara kadhaa. Gonga kitako taratibu juu ya mkeka. Pini isianguke peke yake. Kifyatulio kilichosuguliwa ili kiwe chepesi ni mtego. Pikipiki ikiruka shimo moja barabarani, kinafyatuka.

Hatua ya 8: Tazama mbao na skrubu. Ufa unaoanzia nyuma ya mwili wa chuma kuelekea shingo ya kitako huonyesha kwamba chuma kimekuwa kikiirudi mbao kwa kila pigo. Mbao iliyolowa mafuta ya miaka mingi hulainika na kushindwa kushika. Skrubu zilizoharibika vichwa husema kwamba mkono usio na ujuzi umewahi kuingia humo. Rangi mpya nyeusi juu ya chuma chenye vijishimo ni vipodozi juu ya jeraha. Na mtutu uliokatwa kwa msumeno, uwe mfupi wa kufichwa chini ya koti, hauna habari yoyote ya kuwinda; ni silaha ya uhalifu.

Baada ya hatua zote nane, fundi ndiye hupiga risasi za kwanza katika uwanja ulioruhusiwa, kwa risasi mpya za kipimo sahihi, kisha hukagua maganda. Ganda lenye duara la kung'aa karibu na kitako chake limeanza kunyooka, nasi tunarudi Hatua ya 6. Risasi za kale zenye ukungu wa kijani zisitumike. Na ikiwa pini itapiga na risasi isilie, mdomo wa mtutu ubaki umeelekezwa mahali salama kwa sekunde 30 au zaidi kabla ya komeo kufunguliwa, kwa maana fataki iliyozeeka yaweza kuchelewa.

BUNDUKI HALALI NYUMBANI

Bunduki ya komeo ina faida moja katika utunzaji: komeo hutoka. Mwenye cheti aifungie bunduki mahali pamoja, komeo mahali pa pili, na risasi mahali pa tatu, vyote chini ya kufuli, na funguo zisijulikane na watoto wala wachungaji. Ikiibiwa au kupotea, taarifa itolewe mara moja. Mwenye bunduki anayenyamaza kwa aibu anampa mwizi siku za kuitumia kwa jina lake. Kila mtutu huacha mikwaruzo yake kwenye risasi, na kila pini huacha alama yake kwenye ganda; tangu mwaka 2018 serikali ilipoagiza silaha zichukuliwe alama hizo, ganda moja lililookotwa mahali pa tukio laweza kumrudia aliyesajiliwa.

KWA WAKAAZI WA NAKIVALE

Makazi ya Nakivale yamepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja Wanyarwanda wa kwanza. Leo wapo Wakongo, Wasomali, Warundi, Waethiopia, Waeritrea na wengine, pamoja na wenyeji wanaolima bega kwa bega nao. Wengi walikimbia bunduki. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unamtaka mkimbizi azitii sheria za nchi iliyompokea, na ulinzi anaopewa husimama juu ya jambo moja: makazi ni mahali pa raia. Bunduki moja iliyofichwa ndani ya nyumba moja huwatia shaka majirani wote, huamsha hofu za kale kati ya jamii na jamii, na huwapa sababu wale wasiowatakia mema wakimbizi. Hakuna mahindi yanayofikia thamani hiyo.

Ukiletewa bunduki kuuziwa, usibishane, usiulize mengi, usiiguse. Kumbuka sura, njia aliyoifuata na wakati, kisha umwone mwenyekiti wako wa RWC au wa LC, au kituo cha polisi kilicho karibu, au upige 999. Ukiokota bunduki au risasi shambani, ukingoni mwa ziwa au katika pagala, usiibebe kuipeleka kituoni. Weka alama mahali, wazuie watoto, waite polisi waje wenyewe. Na mwenye “kitu darini” asingoje msako. Anayekuja mwenyewe, mapema, pamoja na kiongozi wa kijiji, akaeleza ukweli, yuko mahali pazuri kuliko anayekutwa nacho.

Tunajua kwamba kukataa bunduki hakumfukuzi nguruwe. Uharibifu wa wanyama uripotiwe kwa LC na kwa Mamlaka ya Wanyamapori. Sheria ya 2019 imeweka utaratibu wa fidia kwa madhara ya baadhi ya wanyamapori, na ripoti iliyoandikwa siku ile ile, yenye picha na mashahidi, ndiyo mwanzo wake. Mitaro, uzio wa miiba, mioto ya zamu na walinzi wa usiku wanaopokezana kwa kengele na madebe vimewasaidia wakulima katika sehemu nyingi. Zamu ya watu 10 wenye tochi huchosha, lakini haimuui mtoto wa jirani aliyetoka kujisaidia usiku.

MWISHO WA MIFANO

Tuseme mzee mfugaji alifuata njia tuliyoieleza. Bunduki ya marehemu ilikaa ghala la polisi wakati ombi lake likichunguzwa. Fundi alipoikagua alikuta mtutu safi na mbao nzima, lakini komeo lilikuwa na namba nyingine, nalo lilifunga juu ya vyuma vyote viwili vya kipimo. Mng'ao ule uliompendeza ulikuwa juu ya bunduki ambayo ingeweza kumpofusha siku yoyote. Aliiacha. Mjane hakupata bei aliyoitarajia, na hilo ni chungu. Lakini hakumuuzia jirani yake msiba, wala hakubaki na silaha isiyo na mwenyewe kisheria nyumbani penye wajukuu.

Tuseme naye kijana alimjibu mgeni, “Ngoja nifikirie,” akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wake. Mahindi yake msimu ule yalibaki katika hatari ile ile. Ilibidi aamke usiku kwa zamu pamoja na majirani, Wakongo na wenyeji, ambao hapo awali hawakuwahi kusalimiana zaidi ya “habari.” Mbuzi wake watatu wako zizini. Bunduki iliyouzwa kwa bei ya mbuzi watatu ingewala mbuzi hao, halafu ingemla mwenye mbuzi.

MASWALI YA KUJADILI BARAZANI

1. Kwa nini familia ya marehemu haiwezi kuiuza bunduki yake hata kama yeye alikuwa na cheti?

2. Taja dalili tatu za bunduki kuukuu zinazokomesha ukaguzi papo hapo.

3. Kuna tofauti gani kati ya cheti cha bunduki na kibali cha kuwinda?

4. Kwa nini komeo lenye namba isiyolingana ni hatari hata kama linafunga vizuri mkononi?

5. Katika kijiji au kanda yenu, ni nani watakaa zamu ya kulinda mashamba msimu ujao, na mtaitana kwa ishara gani?

Swali la tano halina jibu katika gazeti hili. Tunaomba lijibiwe na ninyi, kwa majina, kabla ya mvua, na nakala ya orodha hiyo ifikishwe kwa Afisa Uhusiano wa Jamii wa kituo chenu, ili doria zetu zijue ni tochi zipi za marafiki.

Sisi watumishi wenu katika Polisi Jamii.